Upepo, Maji na Subira: Elimu ya Kumwotea Elki

Kila ifikapo Septemba, maelfu ya wawindaji huingia katika misitu ya Milima ya Rocky, magharibi mwa Marekani, kumtafuta elki. Colorado ndilo jimbo lenye elki wengi kuliko mengine yote, na hata huko, kwa kawaida ni mwindaji mmoja tu kati ya watano hivi anayerudi nyumbani na nyama. Wengine hutembea kutwa, hupanda na kushuka, hulala hemani wiki nzima, wasimtie machoni mnyama mwenye uzito wa kilo 300. Sababu kubwa ni kwamba elki huwaona, huwasikia au huwanusa wao kwanza.

Ndiyo maana wawindaji wengi wazoefu hupunguza kutembea. Kila mmoja ana mahali pake anapopapenda: chini ya mti fulani, kando ya chemchemi fulani, juu ya jabali linalotazama njia ya wanyama. Hapo huketi msimu baada ya msimu, akingoja mnyama aje mwenyewe. Watu wengi hudhani huko ni kutegemea bahati. Mimi nasema kuotea ni kazi ya elimu kuliko uwindaji wa aina nyingine yoyote, na kwamba mahali pazuri pa kuotea ni pale mahitaji ya mnyama, mwendo wa hewa na saa ya siku vinapokutana. Anayejua kwa nini ameketi hapo ndiye anayeweza kukaa saa tano bila kukata tamaa, na ndiye anayepata nafasi ya kuua bila kutesa, au ya kuacha kuua.

Ratiba ya mnyama

Elki, ambaye pia huitwa wapiti, ni mnyama wa alfajiri na magharibi. Dume aliyekomaa wa Milima ya Rocky hufikia kilo 320 hivi, na jike kilo 225. Usiku hushuka malishoni, kwenye sehemu zilizo wazi katikati ya msitu, wakala nyasi na majani. Ni wanyama wanaocheua, wenye tumbo la vyumba vinne. Kwanza hujaza, kisha hutafuta mahali salama pa kulala na kutafuna upya walichokula. Kunapopambazuka huanza kupanda mlima kurudi msituni.

Mchana hulala kwenye msitu mzito wa misonobari, hasa katika miteremko inayotazama kaskazini. Kwetu karibu na ikweta jua hupita juu ya vichwa, na tofauti ya mteremko mmoja na mwingine si kubwa. Colorado iko karibu nyuzi 39 kaskazini. Huko jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima, na mteremko wa kaskazini hubaki na kivuli, unyevu na ubaridi. Kufikia Septemba elki ameshaanza kuota manyoya mazito ya majira ya baridi ilhali mchana bado una joto, kwa hiyo kivuli kwake ni hitaji la lazima.

Alasiri vivuli vinaporefuka, elki huinuka, hunywa maji na kuanza kushuka tena. Ratiba hiyo ndiyo ramani ya anayeotea, na inampa sehemu tatu za kuchagua: maji, njia ya kupitia, na ukingo wa malisho.

Ukingo wa malisho huvutia kwa sababu mtu huona mbali. Lakini penye wawindaji wengi, elki huchelewa kutoka msituni hadi giza liingie. Colorado huruhusu kufyatua kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya jua kuzama, basi mnyama anayetoka baada ya hapo ni wa kutazamwa tu. Njia ya kupitia hufaa zaidi pale mgongo wa mlima unapobonyea kati ya vilele viwili, kwa kuwa mnyama mzito naye huchagua mpando mfupi anapohama bonde moja kwenda jingine. Maji, kwa upande wake, huwa na nguvu siku za joto na ukame. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi nchini Tanzania wanaijua hesabu hiyo vizuri: wakati wa kiangazi, maji yanapokuwa machache, hujificha usiku karibu na sehemu za kunywea wakiwasubiri wanyama.

Dimbwi la dume

Kuna maji ambayo wawindaji wa elki huyathamini kuliko mengine yote, nayo ni dimbwi la matope ambamo madume hujigaragaza. Mara nyingi ni chemchemi ndogo kwenye kijibonde chenye kivuli, upana wa mita mbili au tatu, isiyoonekana mpaka uikaribie. Kilele cha msimu wa kupandana ni kati ya katikati ya Septemba na mwanzo wa Oktoba. Wakati huo dume hula kidogo, hupigana, hufukuza wenzake na kulia usiku na mchana. Mlio wake huanza chini kwa sauti nzito, hupanda hadi ukawa mwembamba na mkali, kisha humalizikia kwa miguno mifupi.

Dume anapofika dimbwini hukwaruza matope kwa kwato, huyachimbua kwa pembe, hujikojolea tumboni, kisha hulala na kujigaragaza hadi ubavu wote ukawa mweusi. Matope humpoza, na harufu anayoondoka nayo huwatangazia majike na madume wenzake hali aliyo nayo.

Dimbwi husomeka. Maji yakiwa yametulia na kuwa maangavu, na majani makavu yanaelea juu yake, hakuna aliyefika kwa siku kadhaa. Maji yakiwa bado yamevurugika, matope mabichi yamepakaa nyasi za ukingoni, nyayo za urefu wa sentimita 11 hivi zina kingo kali, na mti mchanga ulio jirani umechubuliwa gome ukitoka utomvu, basi dume alikuwa hapo leo au jana. Pua nayo husaidia, maana harufu ya dume wa msimu huo ni kali kiasi kwamba mtu huweza kuisikia kabla ya kumwona mwenyewe.

Mwindaji makini huzisoma ishara hizo bila kukanyaga ukingo, na huondoka kwa njia aliyojia. Kiti chake hukiweka umbali wa mita 20 hadi 30 kama anatumia upinde, na mbali zaidi kama ana bunduki.

Hewa hugeuka

Kati ya milango ya fahamu ya elki, pua ndiyo isiyosamehe. Mnyama akikuona bila kukutambua, anaweza kusimama akakukodolea macho dakika tano kisha akaendelea na safari. Akikunusa, huondoka na kundi zima, na hana haja ya ushahidi mwingine.

Milimani, mwendo wa hewa hutegemea jua. Jua linapochoma mteremko asubuhi, ardhi hupata joto, hewa iliyo juu yake huwa nyepesi na kuanza kupanda mlima. Jioni jua linapouacha mteremko, ardhi hupoa upesi, hewa hupoa nayo, huwa nzito na kuteremka mabondeni. Mvuvi wa Lamu au Kilwa anaijua kanuni hii kwa sura yake ya baharini: alfajiri upepo wa umande hutoka nchi kavu ukamsukuma nje, na mchana upepo wa bahari humrudisha pwani. Tofauti ya joto ndiyo inayoendesha hewa huko kote.

Kwa hiyo asubuhi, jua likishapanda, mwindaji akae juu ya mahali anapotarajia mnyama. Jioni akae chini yake. Hatari iko kwenye saa za mpito. Mtu aliyeketi juu ya dimbwi saa tisa alasiri, hewa ikipanda na kuipeleka harufu yake mbali na maji, anaweza kukuta saa kumi na mbili hewa imegeuka na inaiteremsha harufu hiyo hadi majini, saa ileile dume anapokuja kunywa. Ndani ya kijibonde chenye kivuli mgeuko huo huja mapema zaidi, kwa sababu jua huondoka mapema. Mahali bora pa kukaa huwa pembeni, kando ya mkondo wa hewa, ambapo ikipanda au ikishuka haitoki kwa mtu kwenda kwa mnyama.

Chombo cha kupimia hewa ni kichupa laini cha plastiki chenye unga mwepesi. Unakibinya kidogo, kisha unautazama unga unavyoelea: mita ya kwanza, mita ya tano, hadi unapopotea. Wengine hutumia sufi nyepesi za mmea wa porini, ambazo huonekana zikielea mbali zaidi na mara nyingi hufichua kwamba hewa inazunguka nyuma ya jabali au mti mkubwa. Hakuna nguo wala sabuni inayoweza kuchukua nafasi ya kipimo hiki. Harufu ya binadamu huweza kupunguzwa, lakini haiondoki. Kinachowezekana ni kuchagua inakokwenda.

Hewa ikigeuka vibaya, jibu ni moja tu: kuondoka. Hapo ndipo subira ya kweli hupimwa, kwa sababu mtu ametembea tangu adhuhuri, ameketi kwa saa tatu, na moyo unamwambia abahatishe kidogo. Elki aliyemnusa mtu dimbwini anaweza kulihama dimbwi hilo kwa siku nyingi, na ukaidi wa jioni moja ukaharibu msimu mzima. Anayepapenda mahali pake hupalinda kwa kukubali kutokwenda siku ambazo upepo haufai.

Namna ya kukaa

Kama wanyama wengine wengi wenye kwato, elki ana aina mbili za chembe za kupokea rangi machoni, pale ambapo binadamu ana tatu. Bluu huiona vizuri. Nyekundu na rangi ya machungwa hazimng'arii kama zinavyotung'aria sisi. Ndiyo maana sheria ya Colorado inaweza kumtaka mwindaji wa bunduki avae rangi ya machungwa au ya waridi inayong'aa, yenye eneo la sentimita za mraba 3,200 hivi, pamoja na kofia, bila kumharibia uwindaji wake. Rangi hiyo humwokoa na risasi za wawindaji wenzake. Kinachomfichua kwa elki ni kutikisika, kwa sababu macho ya mnyama huyo yako pembeni mwa kichwa na huona eneo pana bila yeye kugeuka.

Basi kaa kivulini, mgongo ukiegemea shina lililo pana kuliko mabega yako, ili umbo lako lisijitokeze. Kabla hujaketi, ondoa majani makavu na vijiti chini ya miguu, kwa kuwa utahitaji kusogeza mguu wakati ambao kijiti kikivunjika kazi imekwisha. Weka mkeka mnene chini yako. Kwenye mwinuko wa mita 3,000 baridi ya ardhi hukuchosha mapema kuliko njaa. Beba nguo za kuongeza tabaka kwa tabaka, kwa maana Septemba mchana unaweza kutoka jasho na usiku maji yakaganda. Silaha iwe pale mkono unapoifikia bila mwendo mkubwa.

Kisha tazama, lakini usitafute mnyama mzima. Msituni mashina yote yamesimama wima. Mstari wa kulala kati yake huweza kuwa mgongo wa elki. Tafuta sikio linalogeuka, ncha ya pembe, rangi ya shaba iliyofifia kwenye makalio. Sikiliza kindi anayefoka ghafla upande mmoja wa mteremko, maana huenda kuna kitu kinapita chini yake. Simu ibaki mfukoni: elki ana kwato kubwa na mwili mzito, na bado hutokea kimyakimya mbele ya mtu aliyeinamisha kichwa.

Nafasi ya kufyatua

Faida kubwa ya kuotea ni muda. Anayetembea hukutana na mnyama kwa mshtuko, na mara nyingi huwa na sekunde chache tu za kuamua. Aliyeketi humwona akija, humpima na kuchagua.

Mapafu na moyo viko nyuma ya bega, katika theluthi ya chini ya kifua. Mnyama anayeonyesha ubavu hutoa nafasi safi ya kupiga hapo. Anayekutazama uso kwa uso, au aliyekupa makalio, aachwe hadi ageuke, na asipogeuka aende zake. Mwindaji pia aangalie nyuma ya mnyama, kwa kuwa risasi inaweza kupita ikamjeruhi mwingine. Vilevile ahesabu pembe: katika maeneo mengi ya Colorado, dume halali ni yule mwenye matawi manne au zaidi kwenye pembe moja, au tawi la chini mbele lenye urefu wa angalau sentimita 13 hivi. Mwanga ukiwa hautoshi kuhesabu matawi, hautoshi pia kufyatua.

Subira haiishi mshale unapotoka. Mshale huua kwa kumwaga damu, na elki aliyepigwa vizuri hulala karibu asipofuatwa. Kanuni ya wazoefu ni kungoja angalau nusu saa kabla ya kuifuata damu, na saa kadhaa ikiwa dalili zinaonyesha mshale umeingia nyuma ya mapafu. Anayekimbilia humwinua mnyama aliyekwisha kulala, na mnyama huyo huweza kwenda kufia mbali asipatikane.

Akipatikana, haraka ndipo inapohitajika. Mwili ni mkubwa na ngozi ni nene. Joto lililofungwa kwenye mfupa wa paja huweza kuozesha nyama hata usiku wa baridi. Achunwe, akatwe mapaja, mabega na sarara, kisha nyama itundikwe kivulini ndani ya mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa. Dume mkubwa hutoa karibu kilo 100 za nyama isiyo na mifupa, na mara nyingi yote hubebwa mgongoni, safari baada ya safari. Sheria ya Colorado inakataza kuiacha nyama inayolika ikaoza porini. Kwa sababu hiyo umbali wa kuibeba ni sehemu ya kuchagua kiti: ikiwa huwezi kuitoa nyama hapo kabla haijaharibika, usiotee hapo.

Kwa nini bado wapo

Inakadiriwa kwamba kabla ya walowezi wa Ulaya kufika, Amerika Kaskazini ilikuwa na elki milioni 10 hivi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamepungua hadi chini ya 100,000, wakiwa wameuawa kwa biashara ya nyama, ngozi na hata meno, na malisho yao kugeuzwa mashamba. Leo wako kama milioni moja.

Walirudi kwa sababu watu walikubali kujizuia. Mwaka 1912 ilianzishwa hifadhi ya taifa ya elki karibu na mji wa Jackson, Wyoming, ili kundi la huko lisife njaa wakati wa theluji. Mwaka 1937 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Bunduki ndefu na risasi hutozwa asilimia 11. Kuanzia 1997 elki walihamishwa kutoka majimbo ya magharibi kwenda Kentucky, ambako walikuwa wametoweka kwa zaidi ya karne moja. Leseni, misimu yenye tarehe, na bahati nasibu ya vibali katika maeneo yanayohitaji ulinzi zaidi ndivyo vinavyodhibiti idadi inayovunwa.

Kazi haijaisha. Ugonjwa sugu wa kukondesha, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika kituo cha utafiti huko Colorado, huharibu ubongo wa elki na jamaa zake, na hauna tiba wala chanjo. Haijathibitishwa kwamba umewahi kumwingia binadamu, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama itokayo maeneo yenye ugonjwa ipimwe, na ikionekana inao isiliwe.

Kwa wasomaji wetu wanaoishi Denver, Salt Lake City au kwingineko karibu na milima hiyo na wanaotaka kuanza, nina ushauri mmoja. Colorado humtaka kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, kwa hiyo kozi hiyo ni ya lazima. Kando ya kozi, nendeni mlimani Julai na Agosti bila silaha. Tafuteni maji, someni nyayo, ketini jioni nzima na kichupa cha unga, mwandike hewa inageuka saa ngapi na inaelekea wapi. Mkishalijua jibu la swali hilo kwa mahali pamoja, mna sababu ya kupaita pahali penu. Kabla ya hapo, msifyatue.